Kutangulia Si Kufika: Ushauri kwa Wanaotembea kwa Kundi hadi Bugembe

Mara ya kwanza nilipotembea kutoka Iganga hadi Bugembe, mashariki mwa Uganda, tuliingia tukiimba. Giza lilikuwa limeshatanda, taa za maduka ya kando ya barabara kuu zinawaka, na watoto wa pale walitukimbilia kutupokea mizigo. Tuliketi kwenye nyasi za uwanja wa kanisa, tukapewa uji katika vikombe vya plastiki, kila mtu akavua viatu. Ndipo kiongozi wetu aliposimama kuhesabu. Alfajiri tulikuwa watu 43. Alihesabu mara tatu, na mara zote tatu akapata 41.

Waliokosekana walikuwa bibi mmoja na mjukuu wake wa kike. Vijana wawili walichukua bodaboda wakarudi nyuma. Waliwakuta mahali paitwapo Wairaka, kilomita chache kabla ya Bugembe, wamekaa ukingoni mwa lami, viatu vya bibi vikiwa mapajani mwake, malori yakipita hatua chache kutoka miguuni pao. Hakulalamika. Alieleza tu kwamba mchana kutwa alikuwa akitusikia tukiimba mbele, ikafika saa akaacha kutusikia.

Nimeirudia njia ile mara kadhaa tangu siku hiyo, na nimeongoza makundi mimi mwenyewe. Wahenga walisema kutangulia si kufika, nasi jioni ile tulikuwa tumetangulia tu. Ushauri wote nitakaoutoa hapa, wa viatu, wa maji, wa saa na wa adabu, una mzizi mmoja nilioupata kwa bibi yule: msafara hupimwa kwa mtu wake wa mwisho.

Njia na watu wake

Kila mwaka, Mei inapoelekea ukingoni, barabara za mashariki ya Uganda hujaa watembea kwa miguu wanaokwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Mashahidi hao 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliuawa kati ya 1885 na 1887, zama za Kabaka Mwanga wa Buganda, na wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Wanaowakumbuka kwa miguu hutoka Tororo, Mbale na Soroti, na ng'ambo ya mpaka hutoka Busia, Bungoma, Kakamega na Eldoret. Anayeanzia Mbale ana zaidi ya kilomita 200 mbele yake.

Mimi nitazungumzia siku moja tu ya safari hiyo: siku ya kutoka Iganga hadi Bugembe, kama kilomita 35. Nimeichagua kwa sababu ndiyo siku mito miwili ya watu inapokutana. Waliotoka Mbale kwa barabara ya Tirinyi hutokea Nakalama, karibu na Iganga, na hapo huwakuta waliotoka Busia na Malaba. Makundi huchanganyika. Fulana zinafanana, nyimbo ni zile zile, na ni rahisi mno mtu kujikuta anafuata kundi lisilo lake. Tena kwa wengi hii ni siku ya tatu au ya nne. Miguu imechoka, lakini moyo umeshaanza kunusa Jinja, mji unaofuata baada ya Bugembe, na hapo ndipo wenye nguvu wanapokaza mwendo na wanyonge wanapoachwa.

Hata kama kundi lako halitembei kwa ajili ya hija, bali mnachangia hospitali au shule, au mnapenda tu kutembea pamoja, mambo ya barabara ni yale yale.

Wiki sita kabla

Mwili hauogopi kilomita 35. Unachoogopa ni kuletewa kilomita 35 kwa ghafla. Anzeni wiki sita kabla. Tembeeni kilomita 5 mara tatu kwa wiki, na kila Jumamosi mfanye mwendo mrefu mmoja: 10, kisha 15, kisha 20, hadi 25. Wiki ya mwisho pumzikeni. Fanyeni mazoezi hayo kwa pamoja, maana huko ndiko mtakakojuana. Anayetembea polepole afahamike mapema nyumbani, kundi likiwa na muda wa kujipanga kwa mwendo wake. Asije kugundulika njiani saa kumi jioni.

Viatu visiwe vipya. Vaa vile ambavyo mguu wako umeshavizoea kwa mwezi mzima angalau, na viwe vikubwa kidogo, kwa sababu mguu huvimba kadiri jua linavyopanda. Raba nzuri za mtumba zilizokwisha kulainika ni bora kuliko buti jipya la bei kubwa. Beba na kandambili za kuvaa jioni ili vidonda vipate hewa. Soksi za pamba tupu hushika jasho na kulainisha ngozi, kwa hiyo tafuta za sufu nyepesi au zilizochanganywa na nailoni, jozi mbili kwa siku. Kata kucha siku tatu kabla ya kuondoka, zikatwe kwa mstari ulionyooka, usizichimbe pembeni.

Mwenye sukari, presha au pumu, na mama mjamzito, aonane na daktari kabla ya kujiandikisha. Dawa zake azibebe mwilini, asiziache kwenye begi lililopakiwa garini. Nimeshuhudia gari la mizigo likipata pancha na kuchelewa saa nne, na dawa za watu watatu zimo ndani.

Andikeni orodha yenye jina la kila mtu, namba ya simu, jina la ndugu wa kupigiwa, na ugonjwa alio nao. Iwe na nakala mbili, moja kwa kiongozi wa mbele, nyingine kwa wa nyuma. Mgongoni kila mtu abebe vitu vichache: lita moja na nusu ya maji, pakiti mbili za ORS, kofia, leso au kanga, koti jepesi la mvua, tochi, plasta na kitambulisho. Mei ni mwezi wa mvua huku, na kanga ikilowa hukauka kabla hamjamaliza kilomita mbili.

Mipaka miwili

Kabla ya kuifikia siku hiyo ya Iganga, kuna mipaka ya kuvuka. Wanaotoka Kenya huanza na mpaka wa serikali. Busia ndiko lilikozaliwa neno bodaboda, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Leo mambo ni mepesi. Tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa rasmi Februari 2018, msafiri huhudumiwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Raia wa Kenya na Uganda wamekuwa wakivuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Anayetoka Tanzania abebe pasipoti. Mtoto awe na cheti cha kuzaliwa pamoja na barua ya mzazi kama hasafiri naye. Ulizeni wiki moja kabla kuhusu kadi ya homa ya manjano na kuhusu tahadhari zozote za magonjwa, kwani masharti hubadilika; mwaka 2020 korona ilizuia hija ya watu wengi kabisa.

Msipite njia za panya hata kama mwenyeji anawaambia ni karibu zaidi. Mtu aliyeingia bila kuandikishwa akiugua au akigongwa njiani, kumsaidia kunakuwa na maswali mengi, na watakaoyajibu ni nyinyi. Badilisheni fedha mahali palipo rasmi na mwombe noti ndogo ndogo. Mama anayeuza viazi asubuhi hana chenji ya noti kubwa.

Waliotoka Mbale wana mpaka wao usio na askari wala mhuri. Barabara ya Tirinyi, baada ya Kamonkoli na Budaka, hushuka kwenye bwawa la mto Mpologoma, jina lenye maana ya simba. Upande huu ni Bugwere, upande wa pili inaanza Busoga, na lugha hubadilika hapo hapo. Ni mahali pazuri sana, mafunjo na mashamba ya mpunga kulia na kushoto, lakini hapana kivuli wala nyumba, na ukingo wa barabara ni mwembamba. Kunyweni maji kabla ya kushuka, vukeni mstari mmoja, na msipumzike hadi mtakapopanda ng'ambo. Msioshe miguu kwenye maji ya mpunga hata kama inawaka. Maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho, na mguu wenye malengelenge ni mlango ulio wazi kwa uchafu.

Mipaka yote miwili inadai jambo moja: salamu. Kiswahili kitawafikisha Bugembe, hasa sokoni na kwa madereva, lakini msianze nacho kwa wazee wa vijijini. Kwa miaka mingi Kiswahili hapa Uganda kilisikika zaidi midomoni mwa wanajeshi, na wapo waliokitambua kwanza kama sauti ya amri usiku. Hali inabadilika, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni, lakini kumbukumbu za watu zina mwendo wao. Mkiingia Busoga semeni "Kodheyo," subirini mwenyeji aitike, kisha ndipo muombe maji kwa Kiswahili. Mkiondoka semeni "Mwebale." Maneno mawili tu, nayo yamenifungulia nyua nyingi.

Mbele na nyuma

Neno safari tulilowapa walimwengu lilikuwa na kanuni zake. Misafara iliyotoka pwani ilikuwa na kirangozi aliyetangulia na bendera, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Ilikuwa pia na wanyapara, waliofuata nyuma kuwaangalia waliochoka na waliougua. Sisi tumemhifadhi kirangozi na kumsahau mnyapara. Kila kundi ninalokutana nalo barabarani lina mtu wa kubeba msalaba au bendera mbele. Nikiuliza ni nani amepewa kazi ya kuwa wa mwisho, wanatazamana.

Basi pangeni hivi. Kirangozi asiwe yule mwenye nguvu kuliko wote, bali mwenye subira kuliko wote. Nyuma yake moja kwa moja wawekeni wanaotembea polepole: wazee, watoto, wenye magoti mabovu. Wakiwa mbele, mwendo wa kundi zima unakuwa wao. Wakiwa nyuma, kila pengo linalofunguka katikati linawaangukia, nao hulazimika kukimbia kidogo kidogo siku nzima ili kuliziba. Mtembeaji mnyonge aliyewekwa nyuma hutembea kwa shida zaidi kuliko mwenye nguvu aliye mbele, ingawa njia ni ile ile.

Wanyapara wawe wawili, mwanamume na mwanamke, maana yapo ambayo mama hawezi kumwambia kijana, na yapo ambayo mzee hatamwambia binti. Wawe na simu zenye chaji, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza na fedha za bodaboda mbili. Wasibebe mizigo ya watu wengine. Sheria yao ni moja: hakuna mtu anayebaki nyuma yao kwa sababu yoyote, hata akisema anakuja sasa hivi. Anayeingia chooni, wanamsubiri nje. Wabadilishwe saa sita mchana, kwa kuwa kukaa nyuma huchosha moyo kabla ya miguu.

Kundi linalozidi watu 30 lijigawe katika vikundi vya watu 10 au 12, kila kimoja na mkuu wake. Kila mtu awe na mwenzake wa siku hiyo, na kuhesabu kufanyike kwa jozi: mkuu anauliza kila mtu kama anamwona mwenzake. Hesabu ya vichwa hukosewa kwa urahisi, hasa makundi yanapochanganyika, lakini mtu hasahau kama mwenzake hayupo. Fungeni pia kitambaa cha rangi moja mkononi. Nakalama na Iganga kitambaa hicho kitawaokoa.

Kuhusu barabara yenyewe: magari Uganda hupita kushoto, kwa hiyo nyinyi tembeeni upande wa kulia, mkiyaona yanayokuja. Wawili wawili pale ukingo unapokuwa mpana, mmoja mmoja penye daraja au kona. Wa mbele kabisa na wa nyuma kabisa wavae vizibao vinavyong'aa, na kukiwa na giza wa mbele awashe taa nyeupe na wa nyuma taa nyekundu. Spika za masikioni zibaki mfukoni. Hii ndiyo barabara inayobeba malori kutoka Mombasa hadi Kampala na kuendelea Rwanda na Kongo, na dereva aliyeendesha usiku kucha hawezi kutarajiwa kuwaona; nyinyi ndio mumwone.

Baada ya mji mdogo wa Magamaga mtaingia katika miwa inayolisha kiwanda cha sukari cha Kakira. Hapo ongezeni uangalifu. Trela za miwa huyumba, na ncha za miwa hutokeza pembeni kuliko upana wa gari lenyewe. Mkisikia filimbi ya kirangozi, wote shukeni kwenye nyasi, geuzeni nyuso, subirini vumbi litulie. Miwa mirefu huzuia upepo na haitoi kivuli barabarani, na joto la pale hudanganya: mtu hudhani amechoka kumbe anapungukiwa maji.

Saa za siku

Wengi huanza saa tisa au saa kumi usiku ili kukwepa jua. Ninawaelewa, lakini siwashauri. Barabara hii gizani inaua. Amkeni saa kumi na moja alfajiri, salini, kunyweni chai, na muanze saa kumi na mbili, mwanga ukikaribia. Jua la huku huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na huzama karibu na saa moja kasorobo jioni, mwaka mzima kwa tofauti ndogo. Zile saa kumi na mbili za mwanga zinatosha kwa kilomita 35 mkizigawa vizuri.

Tembeeni hadi saa mbili na robo. Hapo mtakuwa mmemaliza kama kilomita 10. Kuleni kwa nusu saa. Kisha endeleeni hadi saa sita, mkisimama dakika 10 kila baada ya saa moja, na kila mkisimama, vueni viatu. Saa sita mtakuwa mmefika sehemu za Magamaga. Pumzikeni hadi saa nane. Najua vijana watalalamika kwamba saa mbili ni nyingi. Acheni walalamike chini ya mwembe. Saa hizo mbili ndizo zinazomwezesha aliye mnyonge kuimaliza siku, nazo humwepusha kila mmoja na jua lililo kali kuliko yote. Laleni chali, miguu iwe juu ya mizigo.

Kuanzia saa nane zimebaki kama kilomita 13. Kwa mwendo wa polepole mtaingia Bugembe saa kumi na moja na nusu hivi, na bado mna saa nzima ya mwanga ya akiba. Saa hiyo ya akiba ni ya yule atakayeumia, kwa hiyo msiitumie asubuhi kwa kuchelewa kuondoka.

Muwe pia na kanuni ya kuamua. Mtu akishindwa kutembea kilomita moja kwa dakika 20 kwa vituo viwili mfululizo, apande bodaboda au gari la mizigo, asibembelezwe na asiaibishwe. Mwambieni mapema, siku ya mazoezi, kwamba kupanda gari si kushindwa. Hujaji aliyepanda gari Magamaga na kutembea tena kesho atafika Namugongo, na aliyejikaza hadi Wairaka akavunjika hatafika.

Maji, chumvi na chakula

Kunywa kidogo kidogo, mafunda machache kila robo saa, usisubiri kiu. Lakini maji matupu mengi mno nayo yana hatari: jasho hutoa chumvi, na anayerudisha maji bila chumvi huanza kuumwa kichwa, kuchafukwa roho, na mwisho kuchanganyikiwa. Kwa siku nzima changanya pakiti mbili za ORS, moja asubuhi na moja mchana. Ikikosekana, tengeneza mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Isiwe na chumvi nyingi kuliko machozi.

Maji ya visima vya pampu kando ya njia kwa kawaida ni mazuri kuliko ya mabwawa, lakini tumieni vidonge vya kusafishia na kusubiri nusu saa kama maelekezo yanavyosema. Kwenye pampu, wenyeji kwanza. Mama aliyekuja na jerikani mbili na mtoto mgongoni asisimame foleni nyuma ya wageni 40. Mpigieni pampu nyinyi, mumjazie, kisha mjaze yenu.

Chakula cha barabara hii ni kizuri na hakihitaji anasa. Asubuhi viazi vitamu, ambavyo Busoga ni chakula chenyewe, pamoja na chai au uji. Katikati ya siku rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, au kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage. Gonja, yaani ndizi za kuchoma, na karanga mfukoni vinafaa kwa mapumziko mafupi. Nyama ya mafuta iache hadi jioni. Kuleni kilichopikwa mbele yenu kikiwa cha moto. Na kwa wanaotoka upande wa Mbale na Teso, walikozoea kuzunguka chungu cha malwa jioni kwa mirija: kiacheni chungu hadi mrudi nyumbani. Pombe hukausha mwili, na kesho yake mtu huyo huyo ndiye ambaye mnyapara humsubiri kando ya njia.

Usiku lala ndani ya chandarua. Busoga ina mbu wengi na malaria nyingi, na homa ya siku ya nane hupandwa katika usiku wa siku ya kwanza.

Miguu

Lengelenge halianzi kama lengelenge. Huanza kama joto, mahali padogo panapochoma kana kwamba umekanyaga kaa. Hapo hapo simama. Aibu ya kusimamisha watu 40 kwa sababu ya kidole kimoja ndiyo iliyomfikisha bibi yetu Wairaka na viatu mapajani. Kiongozi awaambie watu asubuhi, kwa sauti, kwamba kusimama kwa ajili ya mguu ni haki, na yeye awe wa kwanza kusimama.

Pakausheni, pakeni Vaseline au bandikeni plasta kabla ngozi haijainuka, kisha badilisheni soksi. Lengelenge likishajaa na linauma, osha kwa maji na sabuni, choma sindano kwenye moto hadi iwe nyekundu, iache ipoe, toboa pembeni, kamua taratibu, na usiivue ngozi ya juu. Hiyo ndiyo bandeji bora. Funika kwa plasta safi. Mwenye sukari asitoboe kabisa, aende zahanati. Jioni, osheni miguu kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, kausheni katikati ya vidole, na kila mtu amtazame mwenzake nyayo. Kuna mambo ambayo mtu hayaoni kwenye mguu wake mwenyewe.

Adabu za njiani

Mnapita katika ardhi ya watu, na wao hupitiwa na makundi mengi ndani ya wiki moja. Ombeni kabla ya kukaa kwenye kivuli cha mtu. Muwa shambani si wa barabara, una mwenyewe. Choo mkikitumia, mwagieni maji, na muache kipande cha sabuni. Akina mama na wasichana wabebe pedi zao na mfuko wa kuhifadhia zilizotumika hadi mtakapofika penye jalala. Chupa za plastiki mzirudishe mifukoni. Mkikaribia hospitali, msiba au msikiti wakati wa swala, punguzeni sauti. Busoga ina Waislamu wengi, na nimewahi kupewa maji na kivuli katika uwanja wa msikiti na watu ambao Namugongo hawaendi kamwe.

Mkilala Bugembe katika uwanja wa kanisa au shule, acheni mahali pasafi kuliko mlivyopakuta. Kundi litakalofuata litapokelewa kwa namna nyinyi mlivyoondoka.

Simameni Wairaka

Kabla hamjaingia Bugembe, kuna mambo ya zamani ambayo viongozi wa makundi wayajue. Kanisa kuu la Waanglikana wa Busoga liko Bugembe, na dayosisi hiyo humkumbuka Askofu James Hannington kila Oktoba. Mwaka 1885 alitoka Rabai, karibu na Mombasa, na msafara wa watu wapatao 200. Walipofika Kwa Sundu, leo Mumias, aliteua wapagazi 50, akatangulia nao kwenda Busoga. Buganda iliamini kwamba adui wake atatokea mashariki, na Mwanga aliagiza auawe. Aliuawa Kyando, katika Mayuge ya leo, tarehe 29 Oktoba, na wengi wa wapagazi wake waliuawa pamoja naye. Wengi wa wapagazi hao walikuwa watu waliotoka pwani na waliosema lugha hii tunayoisoma hapa, na majina yao hayakuandikwa mahali pengi.

Waliobaki Kwa Sundu waliachwa chini ya William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, akasomeshwa India, na kufanywa mhudumu wa kanisa. Habari zilipomfikia, yeye ndiye aliyewakusanya watu wale, wakiwa na njaa na huzuni, akawaongoza kwa miguu hadi Rabai mapema mwaka 1886. Sisemi askofu alikosea kutangulia; aliitika wito wake na kuulipia kwa damu. Nasema tu kwamba katika kila msafara kuna kazi ya yule anayebaki na walio nyuma akawarudisha nyumbani, na kazi hiyo haisimuliwi sana.

Kwa hiyo mkifika Wairaka, simameni. Bugembe inabaki kilomita chache tu, na miguu itataka kukimbia. Kaeni kando ya barabara, mbali na lami, na msubiri hadi mnyapara wa mwisho aonekane. Hesabuni kwa jozi. Wapeni waliofika mwisho robo saa kamili ya kukaa na kunywa maji, maana kosa letu la kawaida ni hili: walio mbele hupumzika wakiwasubiri wa nyuma, na wa nyuma wakifika tu, kundi linainuka, nao hawapumziki kabisa.

Kisha mtakapoinuka, mgeuze msafara. Aliyefika wa mwisho apewe bendera na awe kirangozi. Wengine wote mfuate nyuma yake kwa mwendo wake, na mwimbe. Ataingia Bugembe akisikia wimbo mgongoni kwake, karibu, bila kupotea masikioni hata mara moja.